Siku Niliyoliomba Gari Msamaha Nyabiondo

Wapo watu waliowahi kumwomba msamaha mke, wapo waliomwomba padri, na nasikia wapo hata walioiomba serikali, lakini mimi Kambale, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nililiomba gari. Nilipiga magoti kwenye tope la soko la Nyabiondo, nikaweka mikono miwili juu ya kapo, ule mfuniko wa injini, nikasema maneno ya majuto kwa sauti ya kusikika, na korali nzima ya kanisa ikasimama nyuma yangu ikingoja nimalize. Najua mnacheka. Chekeni tu, nimeshazoea, maana hadi leo nikipita pale watoto wanaanza kuhesabu, moja mbili tatu nne tano sita, wanatulia kidogo, halafu wanasema moja, na wazazi wao wanaangalia pembeni ili nisione meno. Hesabu hiyo nitawaeleza ni ya nini, ila naomba mtu asinikatize, kwa sababu nikikatizwa nitaruka sehemu za aibu, na zikirukwa hizo hakuna kitu kinachobaki.

Mwenye gari alikuwa Mama Kavugho, Mnande mwenzangu wa Butembo, mjane, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za juma, aliyefungua duka lake Kirolirwe kule kwenye ng'ombe, akiuza chumvi na sabuni na vitenge, akinunua jibini na maharagwe ya kupeleka mbali. Vita ilimkuta huko kama ilivyotukuta wote. Lori lake la kwanza walikuja kulichukua watu wenye bunduki, wakamwambia ni kwa siku mbili tu, na siku hizo mbili hazijaisha mpaka leo. Akalia, akafuta machozi, akauza nyumba aliyoachiwa na marehemu, akanunua pikapu nyekundu iliyokuwa imezunguka dunia kabla ya kufika kwetu (usukani uko kulia, maandishi ya ndani hakuna aliyejua ni ya lugha gani), akanipa ufunguo mkononi. "Kambale," akaniambia, "hii ikipotea, miye niko mutu ya kurudia kwa dada yangu Butembo kulala mu nyumba ya watoto." Hakuwa anatania, na mimi niliona kabisa kuwa hatanii.

Sasa pikapu hiyo ilikuwa otomatiki. Kwenu labda si habari, lakini kule Masisi wakati ule dereva alikuwa mtu wa miguu miwili na pedali tatu, na gari lenye pedali mbili watu waliliinamia dirishani wakauliza ya tatu imeibwa wapi. Mimi nilikuwa nimefundishwa na fundi mmoja wa garaji ya Goma, kwa haraka haraka, kati ya bia na bia. Akanieleza kuwa gari hili lina akili, linabadilisha gia lenyewe, na ili lijue libadilishe lini lazima lijue linakwenda mbio kiasi gani. Kazi hiyo inafanywa na kapteri ya vitesi, kidude kidogo cha ukubwa wa kidole gumba kilichofungwa kwenye mkia wa sanduku la gia, kinahesabu jinsi chuma cha ndani kinavyozunguka, kinatuma habari kwa waya. Habari isipofika, akili ya gari haijui kama linakimbia au limesimama, inang'ang'ania gia ya kwanza, injini inalia, mshale wa mwendo unalala chini, na taa moja ndogo ya manjano pale mbele ya dereva inaanza kukonyeza.

Na hapo ndipo pana uchawi wenyewe. Ukifungua kapo unakuta kiboksi cheusi kina matundu, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha chuma chembamba, unazungusha ufunguo uwashe kontakti, yaani umeme tu, bila kuwasha injini, na ile taa inaanza kukonyeza kwa hesabu. Kila ugonjwa una hesabu yake. Ikikonyeza sita, ikapumzika, ikakonyeza moja, hiyo ni kapteri ya vitesi, hakuna haja ya kufungua kitu kingine wala kumlaumu mwenye kuuza mafuta.

Ninyi mngejifunza hayo mkayaweka kichwani mkanyamaza. Mimi sikuumbwa hivyo. Kila niliposimama, iwe kwenye barieri ya barabarani, iwe kwa mama muuza ndizi, nilikuwa na habari za kueleza kuhusu gari langu (naam, kinywani lilikuwa langu), na nilikuwa nakunja mikono ya shati kwanza ili watu wajue kwamba jambo linakuja.

Siku yenyewe tuliondoka Kirolirwe asubuhi na jibini nyuma na magunia ya maharagwe juu ya jibini, Mama Kavugho mbele pembeni yangu na rozari yake, na tulipofika Masisi tukapakia korali ya kanisa moja iliyokuwa inakwenda Mpofi, upande wa Walikale, kuimba kwenye ufunguzi wa kanisa jipya. Kiongozi wao alikuwa Papa Bauma, Mhunde, mkulima wa maharagwe wa milima ile, mtu mpole kupita kiasi, mwenye masikio ya kusikia sauti moja iliyokosea kati ya sauti ishirini, lakini mambo mengine yote ya dunia yalikuwa yanampita juu ya kichwa. Mkumbukeni huyo.

Kabla ya kufika Nyabiondo kuna mahali kijito kilikuwa kimeamua kutumia barabara. Tukapita, maji yakafika tumboni mwa gari, na tulipoanza kupanda ng'ambo ya pili nikasikia injini inalia kwa uchungu, gari halitoki gia ya kwanza, mshale umelala, taa inakonyeza. Mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi. Nilisimamisha, nikashuka polepole, nikakunja mikono ya shati, nikaomba pini ya nywele kwa dada mmoja wa sauti ya kwanza, nikaichomeka kwenye kiboksi, nikawaomba korali wasogee dirishani wahesabu taa. Wakahesabu pamoja, kwa mapigo, Papa Bauma akiwaongoza kwa kidole. Sita. Pumziko. Moja. Nikatangaza kwa sauti ya daktari kwamba ni kapteri ya vitesi, nikalala chini ya gari, nikaifungua plagi ya waya, ilikuwa imejaa maji ya tope, nikaipangusa kwa shati, nikaipuliza, nikairudisha, na ili isilegee tena nikavua mkononi kamba yangu ya mpira (sisi madereva wa kule tunavaa kipande cha mpira wa baisikeli kwenye kifundo cha mkono, kinafunga kila kitu, kuanzia kapo mpaka mbuzi), nikaifunga juu ya plagi kwa fundo ambalo nilisema halitafunguka mpaka Yesu arudi.

Gari likapanda mlima bila kulia. Hapo nilitakiwa ninyamaze, na hapo ndipo nilipozidi. Kileleni nilisimama korali wapande tena, na Papa Bauma akaja dirishani amevua kofia, akaniuliza kwa heshima kubwa, "Kaka Kambale, kumbe motokari iko na zamiri?"

"Iko nayo, Papa. Kupita batu bengi."

Nikaendelea. Nikamwambia kwamba gari hili halisahau, hata ukilitengeneza, hata ukizima, ule ugonjwa linauweka kichwani mpaka uung'oe waya wa betri (hiyo ni kweli). Nikamwambia linakumbuka nani aliliendesha (uongo), lilipita wapi (uongo), lilibeba nini (uongo mkubwa), na kwamba siku likifika Goma fundi anachomeka tu mashine yake na gari linataja yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayeungama (huo sasa ulikuwa uongo wenye viatu na kofia). Korali ikanisogelea kusikiliza. Mama Kavugho alizungusha rozari akaniambia kwa Kinande, kwa ufupi, nifunge mdomo niendeshe.

Nyabiondo tulikuta soko limejaa. Korali ikashuka kutafuta ndizi, Mama akaenda kusalimia wateja, mimi nikabaki nimeegemea gari nikipokea salamu. Ndipo ikaja habari, na habari za aina ile zilikuwa zinafika kabla ya wenyewe, kwamba watu wenye bunduki wanashuka kutoka mlimani na wanatafuta gari. Msiniulize walikuwa kundi gani. Makundi yalikuwa mengi, kila moja lina kamba yake ya barieri na jina lake la kupendeza, na sisi tuliokuwa tunapita tulijua jina moja tu la kuwaita wote, nalo ni afande.

Kule tulikuwa na desturi ya kuua gari. Ukisikia wanakuja, unaliua: unang'oa waya wa betri, au ule wa kuzimia mafuta, unafungua kapo, unajipaka oili mikononi na kidogo kwenye shavu, unakaa chini na uso wa msiba. Wakija wanakuta gari limekufa na dereva anaomboleza, wanakwenda kutafuta lililo hai. Kila mtu sokoni anajua, na hakuna anayesema, na usiku huo unanunulia watu kinywaji. Nilimwona dereva wa lori la mbao anang'oa waya wake. Pikipiki zilikuwa zimeshapotea kwenye vijia vya mashamba ya mihogo kama hazikuwahi kuzaliwa.

Ningeng'oa waya wa betri na mimi, tusingekuwa hapa tunaongea. Lakini nilijiambia, Kambale, hawa makomanda wameshazijua mbinu za kizamani, wanaanza na betri siku hizi, na wewe ni mtu wa kisasa una gari la kisasa, liue kisasa. Nikalala chini, nikalifungua lile fundo la Yesu, nikachomoa plagi ya kapteri ya vitesi, nikaiacha inaning'inia, na mpira nikauvaa tena mkononi kwa mazoea. Sikumwambia mtu yeyote. Nilitaka Mama Kavugho ashangae baadaye jinsi nilivyo na akili, na nakubali kwamba wazo hilo dogo, la kutaka kusifiwa na mwanamke mzee mwenye rozari, ndilo lililozaa mengine yote.

Wakaja. Komanda wao alikuwa mtu mfupi, buti za mpira, hindi la kuchoma mkononi, fimbo kwapani, na sauti ya chini ya mtu ambaye hajalazimika kupaza sauti kwa muda mrefu. Lori la mbao aliligusa gurudumu, akalipita. Kwangu akasimama. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba sanduku la gia limeharibika, ni gari la ajabu, hata mafundi wameshindwa. Akapanda, akaniambia nimzungushe soko. Injini ikalia, gari likakataa kutoka gia ya kwanza, na mimi nikalisaidia kwa kukanyaga mafuta vibaya hata likashtukashtuka, na hindi la Komanda likaanguka kwenye miguu yake. Mshale umelala, taa inakonyeza, Komanda anapigwa mgongo na kiti. Tulipomaliza mzunguko alishuka, akaokota hindi, akalifuta, akawaambia watu wake, "Hii ilikufaka. Mutafute ingine."

Nilimwona Mama Kavugho amesimama kati ya magunia, rangi ilikuwa imemtoka usoni, na sasa inarudi. Nilitaka kucheka kwa sauti. Naapa, kama ingeishia hapo ningekuwa leo nawasimulia mkasa wa ushujaa na nyote mngekuwa mmeniagizia kinywaji.

Lakini Papa Bauma alikuwa amerudi na mkungu wake wa ndizi, na alikuwa ameona gari linavyoteseka, na moyo wake ulimuuma kwa sababu Mpofi walikuwa wanamngoja. Akasogea mbele, akavua kofia.

"Afande, usihuzunike," akasema. "Hii motokari inasemaka yenyewe kile kinaiumiza."

Mama Kavugho akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kusikika Walikale. Yule dada wa sauti ya kwanza alikuwa mwepesi kuliko kiongozi wake, akamkanyaga mguu, na Papa Bauma akauondoa mguu, akamwomba radhi kwa kuuweka njiani, akaendelea kueleza. Mimi nilikuwa nampigia macho mpaka yakaniuma, naye akaona, akanitabasamia kwa upole akidhani namshukuru. Dada akaombwa pini. Akasema imepotea. Papa Bauma akamwonyesha ilipo, kichwani mwake.

Basi Papa Bauma akaichomeka pini, na mtu akichomeka vizuri namna ile ujue alifundishwa vizuri, na mwalimu alikuwa mimi. Kontakti ikawashwa. Komanda akaingiza kichwa dirishani kuangalia taa, na korali, ambao nusu yao hawakuwa wameelewa na nusu nyingine walikuwa wanaogopa kunyamaza wakati kiongozi amenyanyua kidole, wakahesabu. Soko lote likasogea. Walipofika sita wakapumzika pale pale taa ilipopumzika, kisha wakasema moja, kwa sauti nne, na Papa Bauma akatangaza, "Kapteri ya vitesi." Hakupoteza hata silabi.

Akaingia chini ya gari na shati lake jeupe la kuimbia. Tulisubiri. Sijui kama mnajua jinsi inavyokuwa kusubiri mtu mwema akumalize. Akatoka, ana tope kifuani na furaha usoni.

"Waya ilitoka, nimeirudisha," akasema. "Lakini kaka Kambale, ile mupira ulifunga, ulisema haifunguke mpaka Yesu anarudia, iko wapi?"

Nikaficha mkono nyuma. Ndivyo watu wote walivyojua ni mkono upi. Komanda akanizunguka polepole, akakamata mpira kwa vidole viwili, akauvuta, akauachia ukanipiga kwenye mshipa. Papa Bauma nilimwona anaanza kuelewa, macho yanafunguka kidogo kidogo, mkono unakwenda mdomoni, na kwa kweli hapo nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

Nilitegemea fimbo. Komanda hakunipiga. Alimega punje za hindi, akatafuna.

"Motokari ilikuwa muzima," akasema. "Weye njo ulisema iko mugonjwa. Uliisingizia. Iombe musamaha."

Nilidhani ni mzaha, nikatabasamu. Askari mmoja akanionyesha kwa mtutu mahali pa kupigia magoti. Nikapiga, tope likaingia, nikashika kapo la gari la Mama Kavugho lililokuwa bado na joto, nikasema, motokari, unisamehe, nilikusingizia ugonjwa. Komanda akasema hakusikia. Nikarudia kwa sauti. Akauliza kama nitarudia tena kosa hilo. Nikamjibu sitarudia, akasema usiniambie miye, iambie yenyewe, nikaiambia. Na korali, kwa mazoea yao ya miaka ya kusikia mtu akiwa kwenye magoti anamaliza sentensi, wakasema amina. Hapo soko likashindwa kujizuia. Walicheka mama wauza mafuta ya mawese, walicheka askari, alicheka hata yule dereva wa lori la mbao, ambaye alistahili kunyamaza kwa ajili ya udugu wa kazi. Masikio yangu yalikuwa yanawaka na nilitamani tope lile liwe na kina zaidi.

Nilipoinuka nilifikiri imekwisha, aibu nimeimeza, sasa twende. Komanda akafuta mikono.

"Sasa inatembea," akasema. "Tunaichukua kwa siku mbili."

Kicheko kikakatika. Mama Kavugho alirudi nyuma hatua chache akakaa juu ya gunia la maharagwe, akaweka rozari kwenye mapaja, mikono wazi, akawa anaangalia gari tu, jinsi mtu anavyoangalia nyumba inayoungua wakati ndoo hazipo. Nimeona mambo mengi kwenye vita ile, na nimeyasahau mengi kwa makusudi, lakini mama yule juu ya lile gunia sijaweza kumsahau. Nilikuwa radhi wanipige mbele ya soko lote, wanivue hata suruali, ili mradi asikae vile. Nyumba ya marehemu ilikuwa ndani ya gari lile, na mimi ndiye niliyefungua mlango.

Komanda akapanda mbele, askari wake aliyekuwa dereva akakamata usukani. Askari huyo alikuwa dereva wa malori ya zamani, mguu wa kushoto umezoea kutafuta ile pedali ya tatu, ya ambrayaji (klachi), na mguu wa kushoto ukitafuta ambrayaji ndani ya otomatiki unakuta breki, tena breki pana. Gari likaruka mbele, mguu ukakanyaga, kipaji cha uso cha Komanda kikagonga kioo. Wakajaribu tena. Kikagonga tena. Komanda akamshusha dereva wake, kisha akaniita kwa kidole, kwamba nije niendeshe mimi. Nikapanda. Injini ilikuwa imezimwa, kontakti bado inawaka, na ile pini ya nywele walikuwa wameisahau palepale kwenye kiboksi, kwa hiyo taa ilikuwa inaendelea na kazi yake, sita, pumziko, moja, sita, pumziko, moja.

Komanda akaigundua. Akaniuliza kwa nini inaendelea kusema wakati imeshatengenezwa. Kabla sijafungua mdomo, Papa Bauma akasogea dirishani, tope kifuani, machozi machoni, mtu anayetaka kusaidia baada ya kuharibu na hajui njia, akajibu lile alilofundishwa.

"Haisahauke, afande. Ata ukiitengeneza, ata ukiizima, inawekaka mu kichwa. Inakumbukaka nani aliiendesha, ilipita wapi, ilibeba nini. Siku inafika Goma, fundi anaweka mashine, inasema yote."

"Inasema yote?"

"Yote, afande. Kaka Kambale njo alitufundisha."

Komanda akanigeukia. "Ni kweli?"

Sasa jamani nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoteseka kuliko kwenye magoti. Kila kitu alichosema Papa Bauma kilikuwa ujinga mtupu. Gari lile lilikuwa linajua kitu kimoja tu, kwamba waya wa kapteri uliwahi kukatika, basi, halikujua Komanda ni nani wala mzigo wake ni wa nani. Na mimi, mwenye ujuzi, nilikuwa nimetoka kudhalilishwa mbele ya watu wote, na hapa napewa nafasi ya kusimama tena na kueleza ukweli wa kifundi, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, hapana Komanda, huyu papa amechanganya, ngoja nikueleze inavyofanya kazi. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kukunja shati. Nikaangalia nje kwa bahati tu, nikamwona Mama Kavugho juu ya gunia lake.

Nikanyamaza. Nikainamisha kichwa nikaiangalia taa, na nikaendelea kunyamaza mpaka jasho likanitoka.

Komanda naye akaiangalia. Sita. Moja. Sijui alikuwa anafikiria barabara zipi na mizigo ipi, na wala sikutaka kujua, lakini mtu yule aliacha kutafuna. Akakusanya hindi lake na fimbo yake, akafungua mlango, akashuka, na akaufunga taratibu kabisa, kwa adabu, kwa namna ambayo mlango ule haukuwahi kufungwa na mtu yeyote Masisi nzima.

"Hii iko na domo," akawaambia watu wake. "Mutafute ile ya kimya."

Hatukusubiri kuona waliipata wapi. Korali walipanda juu ya magunia bila kuimba, Papa Bauma akakaa nyuma kabisa, uso ameuficha kwenye kofia, na mimi nikang'oa pini, nikafunga kapo, nikaendesha, gia zikipanda moja baada ya nyingine vizuri kabisa. Nyabiondo ikapotea nyuma ya mlima. Hapo Mama Kavugho akaniuliza, akiwa anaangalia ile taa kwa wasiwasi, kama kweli gari linakumbuka yote hayo.

Nikamwambia ukweli, kwamba halikumbuki kitu, ni waya tu.

"Na ulijua vile wakati alikuuliza?"

"Nilijua, Mama."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Njo kazi moja ya maana ulifanya leo," akasema, na hapo ndipo alipogeukia dirisha akalia, kwa sauti ndogo, na mimi nikalia kidogo pia kwa upande wangu, kila mtu na dirisha lake.

Mpofi walitupokea kwa vigelegele. Tulipozima tu, Papa Bauma akashuka, na nadhani alitaka kunirudishia heshima aliyonivua, kwa sababu alikuwa ameshakusanya wenyeji kuzunguka gari, wazee mbele, mapadri, watu wengi ambao hawakuwahi kuona pedali mbili, akawaambia kwamba huyu kaka Kambale ataeleza jinsi motokari inavyosema. Pini ilikuwa tayari mkononi mwake. Wote wakaniangalia. Sijawahi kutamani kuongea kama dakika ile. Nikamwambia koo linaniuma, nikapanda ndani ya gari, nikapandisha kioo, nikakaa na mdomo wangu humo ndani mpaka misa ikaisha.